Matembezi ya nyumba za ibada katikati ya Arusha: tathmini ya mkazi

Arusha imezoea kuuzwa kama mlango wa mbuga, na mgeni anayeshuka hapa mara nyingi hulala usiku mmoja tu kabla ya kupandishwa gari kwenda Ngorongoro au Serengeti. Kikundi kidogo cha waongoza watalii vijana kimeamua kuuza kitu kingine: matembezi ya miguu ya nusu siku katikati ya mji, kutoka nyumba moja ya ibada hadi nyingine, hasa zile za jamii za wahamiaji na za madhehebu yenye waumini wachache. Nimeyafanya matembezi hayo kama mkazi wa mji huu, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya wakazi wenzangu ambao wamepita mbele ya mageti hayo miaka mingi bila kujua nyuma yake watu wanasali vipi, wanakula nini pamoja na wamefikaje hapa. Naipendekeza huduma hii bila kusita. Nitaeleza pia pengo lake kubwa, kwa sababu linaweza kuzibwa, na kwa sababu linawahusu watu ambao ni rahisi kuwasahau.

Matembezi huanza asubuhi karibu na Mnara wa Saa na huisha baada ya chakula cha mchana. Malipo hufanywa kwa simu siku moja kabla, bei ya mkazi ikiwa chini sana kuliko ya mgeni, na sehemu ya fedha hiyo hutolewa kama sadaka katika kila nyumba inayofungua milango. Mwongozaji hukabidhi sadaka hiyo mbele ya kundi, jambo nililolipenda, kwa kuwa linaonyesha kwamba waumini hawatumiwi kama maonyesho ya bure. Kila mtu hutumiwa ujumbe wa maelekezo mapema: avae nguo za kujisitiri, achague viatu vinavyovuliwa kwa urahisi, abebe mtandio au kitambaa cha kufunika kichwa, na asipige picha mpaka aruhusiwe. Majina ya washiriki hupelekwa kwa wenyeji kabla ya siku yenyewe, na anayefika bila kujiandikisha harusiwi kujiunga njiani. Katika mji unaokumbuka bomu lililoua watu katika Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, mwezi Mei 2013, utaratibu huo ni wa haki kabisa, na yeyote anayeuona kuwa usumbufu ajiulize kama angepokea wageni asiowajua nyumbani kwake wakati familia ikisali.

Kabla ya kuanza kutembea, mwongozaji hueleza watu walifikaje. Hapo ndipo nilipoona kwamba amesoma. Anaanza na boma la Wajerumani lililokamilika mwaka 1900, ambalo hadi leo lipo na ni makumbusho, kisha anakwenda kwenye reli. Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896, ilileta Afrika Mashariki maelfu ya vibarua na mafundi kutoka India, wengi wao wakiwa Wapunjabi. Upande wetu, Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893 na wakaifikisha Moshi kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, halafu Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Kila kipande cha reli kilivuta wafanyabiashara wa Kigujarati na wa Kachi, kutoka magharibi mwa India, waliofungua maduka, mafundi wa mbao na chuma, makarani, wakandarasi wa Kigiriki na wenye mashamba. Kwa hiyo mgeni anapoambiwa kwamba katika mitaa michache ya Arusha kuna hekalu la Kihindu, gurdwara ya Masingasinga, jamatkhana ya Waismailia, msikiti wa Mabohora, msikiti wa Maithnaasheri na kanisa la Kiorthodoksi, haoni tena kama jambo la bahati, maana ameshaelezwa ni kazi gani iliyomleta nani.

Jambo jingine alilolisema mapema, na ambalo ningependa walimu wetu walisisitize, ni kwamba hakuna hesabu rasmi ya waumini hawa. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania dini yao, na tangu hapo swali hilo limeachwa. Uamuzi huo umesaidia kuepusha ushindani wa namba kati ya Wakristo na Waislamu, lakini kwa jamii ndogo una maana kwamba kuwapo kwao hakuonekani katika jedwali lolote. Kinachobaki kuwashuhudia ni majengo yao, makaburi yao, majiko yao na kumbukumbu za wazee wao. Matembezi haya yanavifikia baadhi ya vitu hivyo.

Hekalu la Kihindu ndilo kituo cha kwanza, na kwa maoni yangu ndilo linalotendewa kwa haraka kupita kiasi. Tulionyeshwa kengele inayogongwa wakati wa kuingia, sanamu zilizovishwa nguo na maua, na sahani ya taa inayozungushwa mbele yake, lakini muda wa maswali ulikuwa mfupi. Sehemu nzuri zaidi ilihusu Diwali, sikukuu ya taa, ambapo wafanyabiashara wa Kigujarati hufanya ibada ya kuvibariki vitabu vipya vya hesabu za duka. Hilo kila mtu aliyewahi kununua kitenge au misumari katika maduka ya zamani ya mjini angelielewa mara moja, na mwongozaji angeweza kulijengea mazungumzo marefu juu ya biashara na imani. Badala yake tuliondoka.

Gurdwara ya Masingasinga inastahili sifa zote nitakazozitoa hapa. Mwongozaji alimsalimu mzee aliyetupokea getini, "Shikamoo, mzee," naye akajibu, "Marahaba, kijana. Karibuni wote. Vichwa vimefunikwa?" Tangu hapo mzee ndiye aliyeongoza, kwa Kiswahili cha mtu aliyezaliwa na kukulia hapa, na mwongozaji akawa na busara ya kunyamaza. Tulivua viatu, tukanawa mikono, tukaingia katika ukumbi usio na viti ambamo kila mtu hukaa chini, na mbele yake, juu ya jukwaa dogo lenye paa la kitambaa, kimewekwa Guru Granth Sahib, kitabu ambacho Masingasinga hukiheshimu kama Guru, yaani mwalimu wa kiroho, aliye hai. Alitueleza kwa nini hatupaswi kunyoosha miguu kuelekea kitabu hicho, kwa nini usiku hupelekwa katika chumba chake cha kupumzika, na kwamba anayekisoma mbele ya waumini anaweza kuwa mwanamume au mwanamke. Alieleza pia maana ya bendera ndefu iliyosimama uani na historia ya Khalsa, jumuiya ya Masingasinga waliokula kiapo cha imani, iliyoundwa mwaka 1699, lakini hakututwisha majina mengi kwa wakati mmoja.

Kisha tukaenda jikoni. Mlo wa pamoja, unaoitwa langar, ulianzishwa na Guru Nanak, mwanzilishi wa dini hiyo, aliyezaliwa mwaka 1469 na kufariki mwaka 1539, na sharti lake ni kwamba watu wote wakae mstari mmoja chini na kula chakula kilekile. Tulipewa chapati, dengu, wali, mboga na wali wa maziwa wenye sukari. Nyama haipikwi hapo, ili mtu wa dini yoyote aweze kula bila wasiwasi, na hilo kwa mji wenye Waislamu, Wakristo na Wahindu ni uamuzi wenye hekima kubwa kuliko inavyoonekana. Dada mmoja katika kundi letu, Mkristo wa kanisa la kiroho, aliuliza kwa uaminifu kama kula pale kungemfanya aonekane ameshiriki ibada isiyo yake. Mzee hakukasirika. "Hapana, mwanangu," alisema. "Huku jikoni anakula mwenye njaa, na dini yake hatumwulizi." Dada yule akala, na baadaye akasaidia kuosha sahani pamoja na akina mama waliokuwa zamu.

Waliowahi kusafiri kwa barabara kati ya Nairobi na Mombasa wanaijua gurdwara ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926 kandokando ya reli, ambayo hadi leo huwalisha wasafiri. Ya Arusha ni ndogo, lakini moyo ni uleule, na ni vizuri mwongozaji alizihusisha. Nilifurahi pia aliposimulia habari za Joginder Singh, dereva wa Kenya aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1965, 1974 na 1976. Wazee wengi wa hapa walimfahamu Singasinga kwanza kupitia gari, gereji na kiwanda cha mbao, kabla ya kujua lolote kuhusu imani yake. Wageni wa nje hawakuonekana kuguswa na habari hiyo. Sisi wakazi tuliguswa.

Baada ya gurdwara matembezi yanaingia katika sehemu ngumu, ambayo kwa mtazamo wangu ndiyo yenye elimu kubwa kuliko zote: nyumba tatu za Waislamu wa Kishia wenye asili ya India. Wengi wetu huwaona kama watu wa kundi moja kwa sababu ya sura na maduka yao, na hata Waislamu wenzao wa Kisuni mara nyingi hawajui kinachowatenganisha. Mwongozaji alianza mbali, Kairo ya mwaka 1094, alipofariki Imamu na Khalifa al-Mustansir wa dola ya Wafatimi na wanawe wawili, Nizar na al-Mustaali, wakagombea nafasi yake. Waliomfuata Nizar ndio asili ya Waismailia wa leo, wanaomfuata Aga Khan. Waliomfuata al-Mustaali ndio asili ya Mabohora. Kwa hiyo nyumba mbili zinazotenganishwa na mwendo mfupi wa miguu hapa Arusha ni matawi mawili ya mgogoro wa urithi wenye umri wa zaidi ya miaka 900. Maithnaasheri nao ni habari nyingine: wanawakubali Maimamu kumi na wawili, na wengi wa hapa ni Makhoja, jamii ya Waislamu wenye asili ya Gujarati, ambao mababu zao walijitenga na wafuasi wa Aga Khan katika karne ya 19, baada ya mgogoro uliofikishwa mahakamani Bombay (Mumbai ya leo) mwaka 1866. Ndugu wa ukoo mmoja wakaishia katika nyumba mbili za ibada.

Katika msikiti wa Mabohora tuliishia uani, na hilo lilielezwa waziwazi tangu mwanzo. Muumini aliyetupokea, mwenye kofia nyeupe iliyodariziwa kwa uzi wa dhahabu, alisema kwamba jamii yao inaongozwa na Dai, kiongozi wao mkuu wa kidini, aliye Mumbai, wa 53 katika mfululizo wake, na kwamba kalenda yao ya Kiislamu imepangwa kwa hesabu tangu enzi za Wafatimi na haingoji kuonekana kwa mwezi. Ndiyo sababu Mabohora wa Arusha huanza Ramadhani, na husherehekea Idi, siku moja au mbili kabla ya majirani zao. Nilikuwa nikiona maduka fulani yamefungwa siku ambayo wengine bado tumefunga saumu, na sasa najua sababu. Alieleza pia namna wanavyokula: watu kadhaa huzunguka sinia moja kubwa, wakianza kwa kuonja chumvi, na chakula hakipaswi kubaki. Mama mmoja aliyekuwa akipita, amevaa rida ya rangi ya samawati yenye maua ya kudarizi, alisimama akatusalimu na kujibu maswali ya wanawake wa kundi letu kuhusu vazi hilo. Sehemu hiyo haikupangwa. Ilikuwa nzuri kuliko nyingi zilizopangwa.

Kwa Maithnaasheri tulikaribishwa ndani. Tulioneshwa ukumbi wa majlisi ambamo hukusanyika wakati wa Muharram kuomboleza kuuawa kwa Imamu Husein, mjukuu wa Mtume, huko Karbala, na tukaambiwa kwamba mihadhara hiyo iko wazi kwa yeyote anayetaka kusikiliza. Hapa mwongozaji aliuliza swali zuri: je, Mwafrika anaweza kuwa miongoni mwao? Jibu lilitupeleka kwenye Bilal Muslim Mission, taasisi iliyoanzishwa na Maithnaasheri wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kufundisha madhehebu hayo kwa Waafrika, na ambayo imechapisha vitabu vingi kwa Kiswahili. Kwa hiyo madhehebu yaliyokuja na wahamiaji hayakubaki ya wahamiaji peke yao. Laiti swali hilohilo lingeulizwa katika kila kituo, kwa maana majibu yangetofautiana sana.

Jamatkhana tuliiona kwa nje tu, na sina malalamiko. Ibada za Waismailia si za kuhudhuriwa na asiye Muismailia, na mwongozaji alisema hivyo kwa heshima, bila kulifanya jambo la siri la kusisimua watu. Alitueleza habari za Aga Khan wa Nne, aliyeongoza kuanzia mwaka 1957 hadi alipofariki Februari 2025 na kurithiwa na mwanawe Rahim, na za shule na vituo vya afya ambavyo vimewahudumia Watanzania wa dini zote. Baadhi ya wageni walinung'unika kwamba wamelipia kuona ukuta. Siafikiani nao hata kidogo. Jamii ina haki ya kufunga mlango wake, na matembezi yanayofundisha kuiheshimu haki hiyo yanafundisha jambo lenye thamani kuliko picha ya ndani.

Kituo cha mwisho ni kanisa la Kiorthodoksi la Wagiriki. Wagiriki walikuja tangu enzi za Wajerumani kama wakandarasi wa reli, kisha wakawa wenye mashamba ya mkonge na kahawa, na jamii yao hapa Kaskazini ilikuwa kubwa kiasi cha kuanzisha shule yake. Ndani ya kanisa macho huvutwa kwanza na ukuta wa picha takatifu unaotenganisha waumini na altare, halafu harufu ya ubani, halafu ukimya. Kanisa liko chini ya Upatriaki wa Aleksandria, ambao mamlaka yake ni bara zima la Afrika, na Pasaka yake hufuata hesabu ya zamani: mwaka 2024 Wakatoliki na Walutheri waliadhimisha Pasaka tarehe 31 Machi na Waorthodoksi tarehe 5 Mei, wakati mwaka 2025 wote waliadhimisha tarehe 20 Aprili. Mwongozaji alisahihisha pia dhana kwamba Uorthodoksi hapa nchini ni wa Wazungu. Waorthodoksi wengi wa Tanzania ni Waafrika, na ngome yao ya muda mrefu ni Kagera.

Hapohapo kanisani ndipo alipozungumzia kupungua kwa jamii hizi, na alilizungumzia kwa uadilifu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa mashamba makubwa ya mkonge. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha, iliyowagusa zaidi Watanzania wenye asili ya India. Mwaka 1973 yakafuata mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro. Familia nyingi zilihamia Uingereza, Kanada, Ugiriki na kwingineko, na nyumba za ibada zilizojengwa kwa ajili ya mamia zikabaki na makumi. Mwongozaji hakuwalaumu waliotaifisha wala hakuwabeza walioondoka. Alieleza kwamba wananchi walikuwa na kiu ya haki baada ya ukoloni, na kwamba wapo waliopoteza jasho la vizazi viwili, na akatuachia tufikiri. Nimesikia habari hii ikisimuliwa kwa hasira mara nyingi, ya upande mmoja au wa pili. Kuisikia ikisimuliwa hivi na kijana aliyezaliwa miaka mingi baadaye kulinipa moyo.

Sasa niseme kuhusu pengo. Matembezi yaliyopangwa kwa kufuata majengo yanawaona wale tu waliokuwa na uwezo wa kujenga. Wasomali, ambao wamekuwapo Arusha tangu enzi za ukoloni kama wafanyabiashara wa mifugo, hawatajwi hata mara moja, kwa sababu wao ni Wasuni wa madhehebu ya Shafi kama Waislamu wengi wa pwani na wanasali katika misikiti ileile tunayosali sisi wengine. Magoa, Wahindi Wakatoliki waliokuja kama makarani na mafundi cherehani, hawatajwi, kwa sababu walipiga magoti katika makanisa ya Kikatoliki pamoja na Wachaga na Wairaqw. Kuwataja Magoa peke yao kungetosha kuvunja dhana kwamba sura ya mtu inaonyesha dini yake. Wapo pia waumini kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambao wengine walivutwa na mji huu ulipokuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofanya kazi hapa kuanzia mwaka 1995 hadi 2015, au na Jumuiya ya Afrika Mashariki, au na maisha tu. Baadhi yao hukusanyika Jumapili katika kumbi na madarasa ya kukodi, wakiimba kwa Kifaransa, Kiswahili cha Kongo na Kirundi, na kufikia saa nane mchana viti vimerudishwa mahali pake na hakuna alama yoyote kwamba palikuwa na kanisa. Hao ndio wahamiaji wa leo. Kuwaacha nje kunamfanya mgeni aamini kwamba uhamiaji wa kidini Arusha ni historia iliyokwisha, wakati kila mwaka jamii mpya inapanga ukumbi wake.

Nilimweleza mwongozaji jambo hili mwishoni. Alinisikiliza, akasema kwamba kundi la kukodi ukumbi huhama mara kwa mara na ni vigumu kuliweka kwenye ratiba. Ni kweli ni vigumu. Lakini dakika kumi za maelezo hazihitaji ratiba, na mchungaji mmoja aliyealikwa kuungana na kundi wakati wa chakula angetosha kufungua mlango huo. Kipeperushi nacho kimeandikwa kwa Kiingereza pekee. Hili linanisikitisha zaidi ya yote, kwa kuwa mwongozaji anaeleza kwa Kiswahili kizuri mno, na mzee wa gurdwara, muumini wa Kibohora na mama wa rida wote walizungumza nasi kwa Kiswahili. Mkazi anayetaka kuwasomea watoto wake nyumbani hana cha kuwasomea.

Kwa nyongeza ya fedha unaweza kupelekwa mchana Tengeru, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Moshi, na nashauri nyongeza hiyo ilipwe. Huko yapo makaburi ya Wapolandi karibu 150. Walikuwa wakimbizi waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakaachiliwa, wakapita Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 Waingereza wakawaweka Afrika Mashariki na Kati. Kambi ya Tengeru ilikuwa na watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Wengi walikuwa Wakatoliki, lakini walikuwamo pia Waorthodoksi na Wayahudi. Makaburi yanatunzwa vizuri, na mtunzaji huwaeleza wageni kwa subira. Wameru waliokaa jirani na kambi hiyo waliona Wazungu maskini, wasio mabwana wa mtu, wakisali na kuzika watoto wao chini ya mlima uleule. Kwa mtu anayefundisha historia, safari hiyo peke yake ni somo la muhula mzima.

Moshi kungefaa huduma kama hii. Mji ule ni mdogo zaidi, reli ilifika mapema zaidi, na nyumba za ibada za Wahindu, Masingasinga, Waismailia, Mabohora na Maithnaasheri zimo ndani ya mitaa ambayo mtu anaweza kuizunguka asubuhi moja bila kupanda bajaji. Waongozaji waliniambia wanafikiria kupanua. Wakifika huko waanze na wazee, kwa maana wapo ambao kumbukumbu zao hazijaandikwa popote.

Kwa anayepanga kwenda: Jumapili ndiyo siku bora kwa sababu gurdwara huwa na watu na jiko linafanya kazi, ingawa kanisa la Kiorthodoksi hufikiwa baada ya ibada. Ijumaa mchana epuka. Wakati wa Muharram na Ramadhani ratiba hubadilika, kwa hiyo uliza mapema. Njia ina sehemu zisizo na kivuli na pembezoni mwa barabara ni finyu, hivyo mzee mwenye shida ya magoti aombe gari kati ya vituo, nao hulipanga bila kuongeza bei kubwa. Watoto wa kuanzia darasa la tano watafaidika; wadogo zaidi watachoka kabla ya kufika kwa Mabohora. Shule zinazotaka kupeleka wanafunzi hupewa bei ya chini zaidi, na mwalimu anayeongozana nao aombe kundi lisizidi wanafunzi 15, kwa sababu ua wa baadhi ya nyumba hizo ni mdogo na wenyeji hawapendi kelele karibu na wanaosali.